Vifungo Vinane

Januari, Ruwi. Kiyoyozi nimekizima,
vijana wa duka la simu wamejifunga skafu
kwa hiki tunachokiita baridi,
na mtu ananiletea koti la sufu,
la kijeshi, zito, linanuka kafuri.
Kafuri kwetu ni ya sanda.

Anaitwa Tihomir, fundi wa mitambo Ghubra,
kule bahari inakochujwa chumvi.
Miaka yote hii namkatia suruali
na sijamuuliza kwao ni wapi.
Mama yake kafa. Ndege saa nane za usiku.
Huko theluji inafika magotini
na Maskati nzima hakuna anayeuza koti.
"Vifungo, Bi Shinuna. Toa vyote. Tia vyovyote."

Vinane, vya shaba, kila kimoja na nyota.

Nafumua, yeye anazungumza. Hataki kiti.
Kitambaa, anasema, kilifumwa kwa Wamasedonia,
vifungo vilisubiwa kwa Waslovenia,
bitana ilishonwa Bosnia,
na aliyevishwa alikuwa mtoto wa Mserbia na Mkroati,
yaani Myugoslavia, miaka kumi na tisa, wa mizinga.

"Kambini tulikula sufuria moja.
Mslovenia wa redio alitoweka wa kwanza,
kaacha buti chini ya kitanda, zimepangwa.
Halafu mpishi, Mualbania.
Halafu Wakroati, wawili wawili, usiku.
Asubuhi sufuria ile ile, midomo inapungua,
na afisa anatuambia: sisi ndio shirikisho,
sisi ndio tunaoishikilia nchi.
Siku ya kuhesabiwa tukabaki wa kabila moja. Na mimi, nusu."

Kisha ikaja ramani.
Mji wa kwao ulikuwa kisanduku kidogo cha penseli
na kazi yake ilikuwa hesabu: umbali, pembe, upepo.
"Tanuri la mkate nililijua lilipo.
Ngazi za shule nilizijua ni ngapi.
Sikukosea hata namba moja, Bi Shinuna.
Nilikuwa hodari."

Mama yake alikaa chini ya nyumba miezi miwili u nusu,
yeye na viazi. Akatoka hai.
Hakumuuliza kitu. Kila mwezi, kwenye simu,
alimuuliza amekula nini.

Nilitaka kusema neno. Nilikuwa na uzi mdomoni.

"Jeshi lilikuwa ndio uzi wa nchi ile," kasema.
Uzi naujua mimi. Ukiuvuta kupita kiasi
haukatiki wenyewe, unakata kitambaa.
Sikumwambia.
Nilikuwa namwona mama yangu,
Januari nyingine, Unguja, taa kaifunika kanga,
anafumua beji za polisi mabegani mwa shati la baba,
kwa wembe, kisha kwa meno.
Kulipokucha shati lilikuwa tupu kabisa.
Ila pale beji zilipokuwepo
nguo haikuwa imepauka.
Walimtambulia hapo.

Na koti hili nalo: duara nane,
nyeusi kuliko koti lenyewe.
Nikachagua vifungo vya abaya, vya plastiki,
vikubwa kuliko vile vya kwanza.
Alidhani nimekosea kipimo.
Nikamwacha adhani.

Kalipa riali mbili. Vya shaba kakataa hata kuvitazama.
Nikavitia kwenye kopo la biskuti, pamoja na vingine,
na lile kopo likabadilika mlio.

Jumapili kaja Gulbibi, Mbaluchi wa Wadi Kabir,
anacheka tangu mlangoni.
Mwanawe kaajiriwa jeshini, sare mpya,
mikono mirefu, ipunguzwe vidole viwili.
Na kifungo kimoja kimedondoka njiani.
"Huna cha shaba, Shinuna? Chochote kitakachofanana?"

Sina, nikamwambia.
Mkono wake ulikuwa umo kopini tayari,
unachakura.